Upanga wa Nani? Habari ya Ukristo wa Wahungaria

 

Usiku mmoja baada ya Isha, tumekaa barazani kama desturi yetu, alikuja kijana wa mtaani kwetu ambaye yuasoma udaktari katika mji wa Debrecen, nchi ya Hungaria, huko Ulaya. Amekuja likizo kuwaamkia wazee wake. Kijana huyu alisoma kwangu chuoni tangu alifu mpaka akahitimu, kwa hivyo haoni haya kuniuliza. Akaniambia: "Sheikh, nina jambo lanikera huu mwaka wa pili. Kila tukizungumza dini, wenzangu huniambia kuwa dini yetu iliingia kwao kwa upanga wa Mturuki, na dini yao iliingia kwa mapenzi, kwa mkono wa mfalme mtakatifu. Nami sina la kuwajibu. Hunyamaza."

Lile neno lake la mwisho liliniuma kuliko hayo aliyoambiwa. Nikamwambia anipe muda, asirejee masomoni kabla hajanijia. Vitabu vya Kiarabu nilivyonavyo nikavipekua mwenyewe, na vya Kizungu akanisomea yeye usiku kwa usiku. Yaliyopatikana ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake. Vijana wetu wametapakaa Ulaya, na maneno haya huambiwa wote.

Kabla sijaendelea, nataka tuelewane. Wakristo tunaishi nao, tunazikana na kupeana pole, na sina haja ya kumtukana mtu. Na Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza chuki ya watu isitupeleke kwenye dhuluma. Basi mashahidi wangu watakuwa wao wenyewe: sheria za wafalme wao, na minara ya ukumbusho waliyoisimamisha kwa mikono yao. Na pale Mwislamu alipokosa nitasema alikosa.

Wahungaria wenyewe hujiita Magyar. Si watu wageni kabisa kwetu. Wazee wa Pangani walimwona mmoja wao, Sámuel Teleki, aliyetoka hapo mwaka 1887 na msafara mkubwa wa wapagazi, pamoja na yule tajiri wa pembe Jumbe Kimemeta, wakaenda mpaka ziwa ambalo leo laitwa Turkana. Asili yao ni wapanda farasi kutoka mashariki, walioingia bonde la mto Danube karibu na mwaka 895. Walikuwa na miungu yao, na maisha yao yalikuwa kuvamia nchi za jirani, mpaka Wajerumani wakawavunja mwaka 955 karibu na mji wa Augsburg. Baada ya kipigo hicho watawala wao waliona kuwa wamezungukwa na wafalme wa Kikristo pande zote, na kwamba atakayebaki nje ya dini ile hatabaki na kiti.

Wa kwanza kubatizwa na kuutia Ukristo katika dola alikuwa mtawala wao Géza. Lakini hakuacha kuichinjia miungu ya zamani. Mwandishi wa zama zile, Thietmar, ambaye mwenyewe alikuwa askofu, asimulia kuwa padri wake alipomkanya, Géza alijibu kuwa yeye ni tajiri na mwenye nguvu za kutosha kufanya yote mawili. Hayo ndiyo mapenzi yaliyoanza nayo dini ile kule: mapenzi ya mtu mwenye mifugo mingi.

Géza akafa mwaka 997, na mwanawe István, ambaye wengine humwita Stefano, akataka kiti. Jamaa yake mkubwa kwa umri, jina lake Koppány, akasema kwa mila ya Kimagyar kiti ni changu. István alikuwa amemwoa Gisela, binti wa mtawala wa Bavaria, na mashujaa wa Kijerumani walikuwa upande wake. Wakapigana, Koppány akauawa, na maiti yake ikakatwa vipande vinne. Vipande vitatu vikatundikwa milangoni mwa miji ya Győr, Veszprém na Esztergom, na cha nne kikapelekwa Transylvania ili na watu wa huko waone. Ndipo, siku ya Krismasi ya mwaka 1000 au mwanzo wa Januari 1001, István akavikwa taji kwa baraka za Papa wa Roma. Mwaka 1083 kanisa likamtangaza mtakatifu. Mkono wake wa kuume ungalipo, umekauka, umewekwa ndani ya sanduku la kioo katika kanisa kubwa la Budapest, na kila Agosti 20 hutolewa ukapitishwa mabarabarani kwa maandamano. Hilo silitilii neno refu, kwani na sisi pwani tuna makaburi tunayoyafanyia mambo ambayo nimeyasema sana katika kurasa hizi hata nikachukiwa.

Sasa tazameni sheria za mfalme huyo, ambazo zimehifadhiwa na wao wenyewe huzifundisha. Kila vijiji kumi vijenge kanisa kimoja. Mfalme atoe mavazi ya padri na vitambaa vya madhabahu, askofu atoe padri na vitabu. Jumapili watu wote waende kanisani, ila wale wanaobaki kulinda moto. Atakayeonekana analima kwa ng'ombe siku hiyo, anyang'anywe ng'ombe, aliwe na watu wa mji. Na atakayepiga soga wakati wa ibada, akiwa mkubwa atolewe nje kwa aibu, akiwa mdogo wa cheo afungwe hapo ukumbini mbele ya watu wote, achapwe mijeledi na kunyolewa kichwa. Mimi nimefundisha watoto zaidi ya miaka arubaini na najua mtu anayepiga soga humkera mwalimu kiasi gani. Lakini mtu mzima kuchapwa na kunyolewa ili asikilize maneno ya mapenzi, hilo sikupata kulisikia.

Na watu wale je, walitulia? István alikufa mwaka 1038, na haikupita miaka minane wakaasi wakitaka miungu yao irudi. Katika fitina ile ya mwaka 1046 wakamuua askofu Gellért kwa kumtupa kutoka juu ya kilima kando ya Danube, na kilima kile mpaka leo chaitwa kwa jina lake. Kuuawa kwake hatukusifu, ni dhulma. Wakaasi tena mwaka 1061. Na hata mwaka 1092 mfalme László alihitaji kuweka sheria kwamba atakayetambika penye visima, miti au mawe atozwe ng'ombe. Yaani miaka tisini baada ya taji, bado faini! Sasa nauliza: hao walioingia kwa mapenzi ni kina nani?

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, na mimi mwenyewe nimelisoma utu uzima. Hungaria ile ya kale ilikuwa na Waislamu. Sisemi Waturuki, waliokuja miaka mia nne baadaye. Nasema Waislamu wenyeji, wafanyabiashara, askari wa mfalme, watu wa kuhesabu fedha, wenye vijiji vyao. Sheria za Kilatini ziliwaita Waismaeli, na Wahungaria waliwaita böszörmény, neno linalotokana na hilo hilo jina letu la Muslim lililopita katika ndimi za Waajemi na Waturuki. Hawakuja na jeshi. Hawakumlazimisha mtu. Walikuwa wakiuza, wakinunua na kusali.

Sheria ile ile ya László ya mwaka 1092 yawataja: wale Waismaeli ambao wamekwisha batizwa, wakionekana wamerudi kwenye dini yao kwa kutahiri, waondolewe vijijini mwao wapelekwe vijiji vingine. Kisha akaja mfalme Kálmán, aliyetawala tangu 1095 hata 1116. Huyu wenyewe humsifu kuwa alikuwa msomi, na kweli alikuwa mtu wa vitabu. Basi sikilizeni msomi aliandika nini. Mtu akimwona Mwismaeli amefunga saumu, au amejizuia kula nguruwe, au anatawadha, au anafanya jambo lolote la dini yake, amshitaki kwa mfalme, na mshitaki atapewa fungu katika mali ya aliyeshitakiwa. Kila kijiji cha Waismaeli kijenge kanisa, na likisha kujengwa nusu ya watu wahame, wakae kwengine miongoni mwa Wakristo. Mwismaeli asimwoze binti yake mtu wa kabila lake, ila mtu wa kwetu, yaani Mkristo. Na Mwismaeli akipata mgeni, au akimwalika mtu chakulani, yeye na wageni wake wasile nyama ila ya nguruwe.

Enyi mama zetu mnaosoma kurasa hizi, nanyi ndio wengi, tazameni hekima ya uovu ilivyopangwa. Mfalme yule alijua kuwa akibomoa msikiti watu watasali uwanjani. Kwa hivyo akaingia jikoni, akaenda kisimani penye udhu, akakaa kwenye posa ya binti, akamnunua jirani kwa mali ya jirani yake. Hata ukarimu, ambao ndio fahari ya Mwislamu, akaufanya mtego: ukimkaribisha mgeni umlishe haramu, na usipomkaribisha umekwisha kuwa si mtu wa dini yako. Sijui katika historia sheria nyingine iliyoingia ndani ya sufuria namna hii.

Na juu ya hayo yote hawakwisha. Mwaka 1150, zaidi ya miaka thalathini baada ya kufa Kálmán, alifika kule msafiri wa Kiislamu kutoka Andalus, Abu Hamid al-Gharnati, mzaliwa wa Granada, akakaa mpaka 1153. Ameeleza aliyoyaona. Anasema aliwakuta Waislamu wa namna mbili: wako waliomtumikia mfalme, wakijionyesha Wakristo na kuficha Uislamu wao, na wako waliodhihirisha dini yao na kumtumikia vitani tu. Akawakuta wamesahau mengi, akawafundisha Kiarabu, akawafundisha sala ya Ijumaa. Akawakataza ulevi, na mfalme mwenyewe, Géza wa pili, akamwita amuulize kwa nini awakataza watu wake mvinyo. Wakajibizana kwa wema. Abu Hamid alipoondoka alimwacha kule mwanawe, Hamid, amekwisha kuoa.

Miaka kama sabini baadaye, mwanachuoni Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alikutana katika mji wa Halab, huko Sham, na kundi la vijana wenye nyuso nyekundu, wakifuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Akamuuliza mmoja wao habari zao, naye ameziandika katika kamusi yake ya miji. Kijana yule akamwambia kuwa wanatoka nchi ya Hungaria, katikati ya Wakristo, na wana vijiji kama thelathini, kila kimoja ni kama mji mdogo, ila mfalme hawaruhusu kuvizungushia ukuta kwa kuchelea wataasi. Na kwamba wao wamekuja Halab kusoma fiqhi, wakirejea kwao watu watawaheshimu na kuwapa mambo ya dini mikononi mwao.

Nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kitabu. Vijana hawa walitoka Danube mpaka Halab ili wapate kuwafundisha mama zao namna ya kutawadha. Na sisi yuko mtoto ambaye chuo kiko nyuma ya nyumba yao na hakifiki.

Lakini katika miaka hiyo hiyo kamba ilikuwa inakazwa. Mwaka 1222 mfalme András wa pili alitoa ile hati ambayo Wahungaria huisifu kuwa ni msingi wa haki zao. Humo imeandikwa kuwa Waismaeli na Mayahudi wasishike kazi za fedha, chumvi na ushuru. Mwaka 1233, mbele ya mjumbe wa Papa, mfalme aliapishwa mahali paitwapo Bereg kwamba hatawaajiri tena, na kwamba watavaa alama ya kuwapambanua na Wakristo. Mwaka 1241 wakaja Wamongoli wakaichoma nchi nzima. Ilipofika karne iliyofuata, wale böszörmény walikuwa wamefutika. Hakuna vita iliyowamaliza. Walimalizwa na sheria, alama na ndoa. Sasa aniambie mtu wa Debrecen: huo upanga ulikuwa wa nani?

Atajibu, "Na Mturuki je?" Vyema, tumtazame na Mturuki, na hapa naomba msomaji Mwislamu avumilie. Sultani Suleiman aliwavunja Wahungaria pale Mohács Agosti 29, 1526, na mfalme wao akafa siku hiyo. Mwaka 1541 Buda ikatwaliwa, na utawala ukakaa pale mpaka 1686. Katika vita vile watu wengi walichukuliwa utumwani, vijiji vikawa mahame, na kanisa kubwa la Buda likageuzwa msikiti. Mimi siwezi kuwalaumu Wahungaria kwa kukumbuka hayo kwa uchungu. Aliyechomewa nyumba hakumbuki ilichomwa kwa madhehebu gani. Na kiongozi wa Kiislamu akipigania nchi na kodi, tusimpakie Uislamu mgongoni kwake. Suratul Baqara aya ya 256 imekata shauri kuwa hakuna kumtia mtu dini kwa nguvu, na amri hiyo yamfunga na Sultani.

Walakini, insafu ni kutazama pande zote. Katika miaka ile mia na arubaini na mitano, je, Mturuki aliwafanyia Wakristo wa Hungaria alivyofanya Kálmán kwa Waismaeli? Aliwalazimisha waoze binti zao kwa Waislamu? Aliwakataza kubatiza? La. Jawabu lipo hapo hapo Debrecen. Mji ule uliishi na kodi za Sultani, na katika zama zile ndipo ulipokuwa ngome ya wafuasi wa Calvin, wenye chuo chao kilichoasisiwa mwaka 1538, hata ukaitwa Roma ya Wakalvini. Uprotestanti, ambao mfalme Mkatoliki wa Vienna aliupiga vita, ulimea ndani ya nchi za Sultani na za Transylvania iliyokuwa chini ya kivuli chake. Wala sisemi Mturuki aliwapenda. Alitaka kodi, na imani zao hazikumshughulisha sana. Lakini kwa mtu anayetaka kumwabudu Mungu wake, mtawala asiyejishughulisha ni afadhali kuliko mfalme mtakatifu mwenye mijeledi.

Na huko Transylvania kulitokea jambo ambalo lafaa lifundishwe katika madrasa zetu. Mwaka 1568 baraza lilikutana katika mji wa Torda, chini ya mfalme János Zsigmond, kibaraka wa Sultani, likaamua kuwa kila mhubiri ahubiri kama anavyofahamu, na asiteswe mtu kwa ajili ya dini, kwa kuwa imani ni zawadi ya Mungu. Uamuzi huo haukuwapa Waromania wa kanisa la Orthodox haki sawa na wenzao, na hilo ni dosari. Lakini Ulaya nzima wakati ule ilikuwa ikichomana moto kwa madhehebu, na Wakristo wenyewe leo hujivunia Torda. Sawa, na wajivunie; ila wasisahau kutaja ilikuwa chini ya kivuli cha nani.

Aliyekuwa na sauti kubwa katika mambo hayo ni mhubiri Ferenc Dávid. Mtu huyu alikuwa Mkatoliki, akawa mfuasi wa Luther, kisha wa Calvin, na kila akizidi kusoma Injili akazidi kuona kuwa Utatu haumo. Mwisho akahubiri waziwazi kuwa Mungu ni Mmoja. Hata mfalme János Zsigmond akamfuata. Mturuki hakumfundisha hayo wala hakuwekewa upanga shingoni. Aliyapata katika vitabu vyake. Basi alifanywa nini? Mfalme alikufa mwaka 1571, akaja mtawala Mkatoliki, na mwaka 1572 ikapitishwa sheria ya kukataza uzushi mpya katika dini. Dávid alipoendelea na kusema kuwa Yesu asiombwe katika sala, kwa kuwa dua ni ya Mungu peke yake, alishitakiwa kwa sheria hiyo, akafungwa katika ngome ya Déva, akafia humo Novemba 1579. Mtu aliyesema dua ni ya Mungu peke yake akahukumiwa kuwa ndiye mzushi! Wafuasi wake wangalipo mpaka leo, wana kanisa lao Kolozsvár, mji ambao sasa uko Romania. Hawakuwa Waislamu na sisi hatuwadai. Lakini wametukhalifu katika machache kuliko walivyowakhalifu waliomfunga mkubwa wao.

Kisha, Waturuki walipokuwa wanadhoofika, wafalme wa Vienna wakageukia Wakristo wenzao. Mwaka 1674 mahakama maalumu katika mji wa Pozsony iliwaita mamia ya wahubiri na walimu wa Kiprotestanti. Wakaambiwa watie saini ya kuacha kazi au waondoke nchini. Waliokataa wakahukumiwa, na kiasi cha 40 wakapelekwa kwa miguu hata Naples, wakauzwa wapige makasia katika merikebu za kivita, wamefungwa minyororo. Amiri wa Kiholanzi, Michiel de Ruyter, aliwakomboa Februari 11, 1676; waliosalia hai walikuwa 26. Nguzo yao ya ukumbusho iko Debrecen, nyuma ya lile kanisa kubwa. Kijana wangu aniambia hupita hapo kila siku akienda sokoni. Mwaka 1991 Papa Yohane Paulo wa pili alikwenda hapo akaweka shada la maua, na kitendo hicho nakiheshimu, kwa kuwa kukiri ni kazi nzito. Lakini shada la maua ni kukiri kuwa yaliyotendwa yalitendwa. Basi wale wanaomwambia kijana kuwa dini yao ilitembea kwa mapenzi, hiyo nguzo huiona ni ya nini?

Nimeulizwa barazani: "Sheikh, hayo si ya kale? Yana faida gani leo?" Ningependa yawe ya kale. Kila saa sita mchana kengele za makanisa Hungaria hupigwa, na mtoto hufundishwa kuwa zinapigwa kwa ushindi wa János Hunyadi juu ya Waturuki pale Belgrade, Julai 22, 1456. Amri ya Papa ya kupiga kengele ilitoka Juni 29, kabla ya vita, ili watu waombe. Ushindi ulitiwa baadaye. Mtu ambaye kila siku adhuhuri yake hukumbushwa adui, huyo adui hamtoki.

Na alama zile za kiapo cha Bereg zilirudi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia dola ya Hungaria ilijiita ya Kikristo na ya kitaifa, ikawatungia Mayahudi sheria za kuwapunguza katika vyuo mwaka 1920, na katika kazi mwaka 1938, na maaskofu waliokuwa katika baraza la juu wakaipigia kura sheria hiyo ya 1938. Aprili 1944, Wajerumani wamekwisha kuingia, Mayahudi wakavikwa nyota ya manjano, na kati ya Mei na Julai wakapakiwa katika magari ya moshi zaidi ya watu 400,000, wengi wao wakapelekwa Auschwitz kuuawa. Wako Wakristo waliowaficha. Mtawa Sára Salkaházi alipigwa risasi Desemba 27, 1944 kwa kosa hilo la kuficha watu. Mungu ndiye ajuaye kumlipa. Lakini dola iliyotangaza Ukristo ilikuwa upande gani, si upande wa mtawa.

Mwaka 2015 walipofika mpakani wakimbizi wa Syria, yaani watu wa Halab ile ile waliyosomea vijana wa Yaqut, dola ilijenga uzio wa kilomita 175 upande wa Serbia, na waziri mkuu Viktor Orbán akaandika katika gazeti la Kijerumani kuwa wanaokuja wengi ni Waislamu na Ulaya ina mizizi ya Kikristo. Mwaka 2018 ikatiwa katika katiba kuwa ni wajibu wa kila chombo cha dola kulinda utamaduni wa Kikristo. Tena mwaka huo huo waziri mkuu huyo akasimama na rais wa Uturuki kufungua kaburi la Gül Baba, walii wa Kituruki aliyefia Buda mwaka 1541, lilipokarabatiwa! Walii aliyekufa hana taabu. Taabu ni aliye hai na mtoto mgongoni.

Ukristo huo unaolindwa na katiba, je, umo vifuani? Katika hesabu ya watu ya 2001 zaidi ya nusu ya Wahungaria walijiandikisha Wakatoliki. Katika ile ya 2022 walikuwa kama watatu katika kila kumi, na wanne katika kumi hawakujibu swali la dini kabisa. Papa Francis alipokwenda Budapest Aprili 2023 aliwaambia waumini juu ya ubaya wa milango iliyofungwa mbele ya wageni. Papa wao ndiye aliyesema, si sheikh wa pwani.

Nilimpa kijana karatasi hizi kabla hajasafiri, nikamwambia asibishane kwa sauti kubwa, aulize tu, na akiulizwa habari ya Mturuki akiri yaliyo kweli. Akacheka, akaniambia kumbe kuna jambo hakunieleza. Katika kituo cha mabasi cha Debrecen kuna basi la mji wa jirani, mwendo wa kilomita kama 20, limeandikwa Hajdúböszörmény. Alipanda mara moja akazuru, akakuta kanisa kubwa la Wakalvini na uwanja mpana. Alimuuliza dereva maana ya jina la mji, naye akasema ni jina tu, halina maana.

Amesema akirejea atalipanda tena.